Mapunye na Dawa Yake

Wazazi wengi huona mabaka yasiyo na nywele katika vichwa vya watoto wao, wakadhani kwamba ni uchafu tu. Lakini asili ya mapunye ni kuvu, yaani ukungu mdogo usioonekana kwa macho. Huambukizwa kwa kitana, kofia, au mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Na namna nyingine hutoka kwa paka na mbwa.

Choa cha mwilini hupona kwa marhamu. Mapunye si hivyo, kwa kuwa kuvu hukaa ndani ya shina la unywele, mahali ambapo marhamu haifiki. Kwa hiyo dawa yake ni ya kumeza.

Mojawapo ni griseofulvini, iliyopatikana mwaka 1939 kutokana na ukungu mwingine. Mwaka 1958 ilithibitishwa huko Glasgow kwamba huponya choa cha wanyama ikimezwa; baadaye wakapewa watu. Dawa hii huingia katika nywele zinazoota, kuvu isiweze kuzishika. Nywele zenye ugonjwa hukatika, na mpya huota safi. Ndiyo sababu mtoto huimeza kwa majuma 6 mpaka 8, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta.

Mzazi akiikomesha mapema kwa kuona nafuu, mapunye hurudi. Yakiachwa, huenda kichwa kikavimba na kutoa usaha, likabaki kovu lisiloota nywele tena. Basi mtoto na apelekwe zahanati mapema, nduguze wakaguliwe pia, na dawa imalizwe kama alivyoagiza daktari.