Kabla ya Simba Wanyika kulikuwa na Arusha Jazz: Kwa nini muziki huu unaitwa wa Kenya?

Nenda kwenye send-off yoyote Arusha, iwe Njiro, Sakina au Usa River. Ikifika saa nne usiku, watu wameshakula, DJ anaweka "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Gitaa likianza tu, mashangazi waliovua viatu chini ya meza wanasimama. Vijana nao wanafuata, na wengi wao hawakuwa wamezaliwa wimbo huo ulipotoka.

Muulize kijana mmoja pale ukumbini: huu wimbo ni wa wapi? Atakujibu bila kufikiri, "Zilipendwa ya Kenya hiyo."

Hajakosea sana. Wimbo ulitoka Nairobi mwaka 1979 na waliouimba walikuwa bendi ya Nairobi. Ila ukiifuata historia ya bendi hiyo nyuma, hatua kwa hatua, unavuka mpaka na kujikuta Arusha, mwaka 1970.

Ndugu watatu kutoka Tanga

Wilson Peter Kinyonga na ndugu yake George walianzia Tanga, kwenye Jamhuri Jazz Band, katikati ya miaka ya 1960. Tanga ya wakati huo haikuwa mchezo kwa muziki. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilikuwa zinagombea mashabiki wale wale.

Mwaka 1970 wakahamia Arusha. Wakiwa na ndugu yao mwingine, William, wakaunda bendi na kuipa jina la mji: Arusha Jazz.

Usidanganyike na hilo neno "jazz". Western Jazz, Morogoro Jazz, Dar es Salaam Jazz: hakuna hata moja iliyokuwa inapiga jazz ya New Orleans. Kwa Watanzania wa zamani, "jazz" ilimaanisha bendi ya dansi yenye vyombo vya kisasa, yaani magitaa, saksafoni na ngoma za kizungu. Walichokuwa wanapiga kilikuwa karibu zaidi na rumba.

Arusha Jazz haikudumu. Mwaka 1971 ndugu hao walivuka mpaka kwenda Mombasa, na huko wakaanza kutumia jina ambalo Afrika Mashariki nzima inalijua: Simba Wanyika. Baadaye wakahamia Nairobi.

Kwa hiyo jina la Arusha lilikaa kwenye bango la bendi hiyo kwa takribani mwaka mmoja tu.

Binamu wa rock and roll

Hapa inabidi twende Marekani kidogo, kwa sababu jambo kama hili liliwahi kutokea huko.

Rock and roll haikuanza na Elvis Presley. Ilitokana na muziki wa Wamarekani weusi: blues ya mashambani, nyimbo za kanisani na piano ya boogie-woogie. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke wa kanisani aliyepiga gitaa la umeme kama ana ugomvi nalo, alirekodi "Strange Things Happening Every Day" mwaka 1944. Elvis alikuwa mtoto wa miaka tisa.

Mwaka 1951 Ike Turner na bendi yake, Kings of Rhythm, walitoka Clarksdale, Mississippi, kwenda kurekodi Memphis kwenye studio ndogo ya Sam Phillips. Njiani amplifaya ya gitaa ikaharibika. Phillips akaishindilia karatasi ndani, sauti ikatoka inakwaruza, na badala ya kuitupa akaamua kuiacha hivyo hivyo. Wimbo ukaitwa "Rocket 88". Wengi wanaoandika historia ya muziki wanauhesabu kati ya rekodi za kwanza kabisa za rock and roll.

Kinachouma ni kilichofuata. Santuri ilitolewa na kampuni ya Chicago, na juu yake hakukuwa na jina la Kings of Rhythm. Liliandikwa jina la mpiga saksafoni aliyeimba, Jackie Brenston, pamoja na "Delta Cats", bendi ambayo haikuwepo.

Leo watalii wanajaa Memphis kuiona studio ile, na inatangazwa kuwa pale ndipo rock and roll ilipozaliwa. Clarksdale, ambako wale vijana walikutana na kufanyia mazoezi, haitajwi sana.

Na Big Mama Thornton? Alirekodi "Hound Dog" mwaka 1952. Elvis akaurudia mwaka 1956. Mtaani kwako wangapi wanajua uliimbwa na mwanamke kwanza?

Muziki wa dansi wa kwetu una ukoo mmoja na huo. Waafrika waliopelekwa utumwani Cuba nao walizaa muziki wao, rumba ikiwemo. Kuanzia miaka ya 1930 santuri za Cuba zilianza kuuzwa Afrika, na watu wa Kinshasa, Dar, Tanga na Morogoro wakasikia kitu wanachokifahamu. Salum Abdallah wa Morogoro hakuzunguka mbuyu, bendi yake aliiita Cuban Marimba. Lilipokuja gitaa la umeme, Marekani walilitumia kupiga kelele, huku kwetu likatumika kusuka: solo inajibu ridhimu, besi inatembea chini, na hakuna anayemkimbiza mwenzake.

Mashine ilikuwa Nairobi

Sasa turudi kwenye swali. Kama wanamuziki ni Watanzania, Kiswahili ni cha Tanga, na bendi iliundwa Arusha, kwa nini muziki ni "wa Kenya"?

Jibu fupi: santuri.

Tanzania ya wakati huo haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi zilirekodi kwenye studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Kwa kawaida wimbo ulibaki kwenye tepu ya redio. Nchi nzima ilikusikia na jina lako likajulikana, ila shabiki hakuwa na kitu cha kununua dukani, na wewe hukuwa na mauzo ya kudai.

Nairobi kulikuwa na studio za biashara, kampuni za kimataifa na mashine za kuchapa santuri. Nguvu ya mashine hizo unaiona kwa Daudi Kabaka, mfalme wa twist ya Kiafrika, muziki ambao kwa hakika ndio mtoto wa rock and roll wa Afrika Mashariki. Wimbo wake "Helule Helule" ulifika hadi Uingereza, kundi la The Tremeloes likaurudia, na mwaka 1968 ukaingia kwenye chati za huko. Tepu iliyofungiwa kabatini Dar isingeweza kusafiri hivyo.

Ndiyo maana akina Kinyonga hawakuwa peke yao. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, pengine mpiga solo anayependwa kuliko wote katika historia ya nchi hii, naye alirekodi Kenya, na mauti yalimkuta huko huko, kwenye ajali ya gari Mombasa mwaka 1979.

Wengine wanasema waliondoka kwa tamaa. Huo ni uonevu. Mwanamuziki anakwenda mahali ambapo kazi yake inaweza kushikwa mkononi na kulipiwa, kama fundi mwingine yeyote.

Mpaka ulifungwa, wimbo ukapita

Kuna kitu hapa ambacho Arusha inapaswa kukisikia kwa uchungu zaidi. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 1967. Wilson na George walipofika mwaka 1970, ofisi zilijaa watumishi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Namanga, kama kilomita 110 tu kutoka Arusha, pakawa hapapitiki. Mpaka haukufunguliwa tena hadi 1983.

Wanamuziki wa Kitanzania waliokuwa Nairobi wakajikuta nyumbani ni ng'ambo ya lango lililofungwa. Mwaka uliofuata Simba Wanyika yenyewe ikapasuka. Mpiga ridhimu Omar Shabani na wenzake walijitoa, wakaungana na John Ngereza, Mtanzania mwingine, na kuanzisha Les Wanyika. "Sina Makosa" ikafuata.

Hebu piga hesabu. Wimbo unaowainua mashangazi wa Njiro ulitoka wakati basi la Arusha kwenda Nairobi halikuwepo. Kwa hiyo kwa watu wa huku uliingia kama kitu cha kutoka nchi nyingine, na lebo ya santuri ilisema hivyo hivyo. Kizazi kilichokuwa kinakua wakati ule kiliwasimulia watoto wao kwamba ni muziki wa Kenya, na ndilo jibu unalopewa leo ukumbini.

Wakenya, kwa upande wao, hawakuiba kitu. Waliwapokea, waliwalipa, waliwacheza usiku kucha, na wamezitunza nyimbo zao vizuri. Kinachokosekana ni mstari mmoja tu kwenye simulizi, ule wa Arusha Jazz.

George Kinyonga alifariki mwaka 1992. Wilson akafuata mwaka 1995, na Simba Wanyika ikaishia hapo.

Mwaka 1996, vijana wengine wa Arusha wakaanzisha kundi la kurap, X Plastaz. Safari hii hawakuhama wala kubadili jina. Walichanganya Kiswahili na Kimaasai, wakarekodi, na mwaka 2004 albamu yao ikatolewa na kampuni ya Ujerumani. Santuri ilitoka mbali zaidi ya Nairobi, lakini kwenye jalada waliandika "Maasai Hip Hop", na hadi leo hakuna aliyewahi kuuliza ni ya wapi.