Kikombe cha kukisia hula faida ya maandazi

WAUZAJI wengi wa maandazi huanza na karatasi ya mapishi: vikombe vinne vya unga, kijiko cha hamira, sukari kiasi. Kwa chakula cha nyumbani, kukisia hakuleti hasara kubwa. Kwenye biashara, kukisia kuna bei yake.

Kikombe cha mapishi si kikombe chochote cha chai. Kipimo cha kawaida ni mililita 250, ingawa vitabu vya Marekani hutumia takriban 240. Kijiko cha chai ni mililita 5 na cha mezani 15. Anayechota hamira kwa kijiko cha mezani badala ya cha chai ametia mara tatu.

Ujazo nao si uzito. Kikombe cha unga wa ngano uliotiwa taratibu na kusawazishwa kwa kisu huwa na gramu 125 hivi. Cha sukari, gramu 200. Unga ukishindiliwa, kikombe kilekile hufika gramu 150.

Chukua mama lishe aliyepanga kilo moja kwa siku, yaani vikombe vinane. Akishindilia, anatumia kilo moja na gramu 200. Akikata maandazi idadi ileile na kuuza bei ileile, kwa siku tano ametoa kilo nzima ya unga bure. Tena kinyunga kinakuwa kigumu, kwa kuwa maji hayakuongezwa.

Majina pia huponza. Hamira ni kiumbe hai: inahitaji muda wa kuumua, na maji ya moto huiua. Beking pauda haihitaji kusubiri. Beking soda ina nguvu zaidi, hutaka kitu kichachu kama mtindi au ndimu, na ikizidi huacha uchungu. Magadi ya kulainishia maharage si mbadala wake.

Dawa haina gharama kubwa. Chukua chupa ya maji ya nusu lita: ikijaza vikombe viwili kamili, kikombe hicho ni cha mililita 250. Kisha pima kikombe kimoja cha unga kwenye mizani ya duka la jirani, uandike gramu zake kwenye daftari. Kuanzia hapo, mfanyabiashara anajua kila andazi limekula unga kiasi gani, na bei ya unga ikipanda anajua aongeze shilingi ngapi.