Ziara ya Wanafunzi Si Kuzurura



Kila mwaka barua hufika nyumbani kutoka shuleni: "Mzazi, unaombwa kulipa pesa za ziara." Wengi wetu tunaisoma karatasi ile, tunaguna, tunaichomeka nyuma ya kabati. Pesa zitatoka wapi? Na je, mtoto anakwenda kusoma au anakwenda kuzurura?

Swali hilo ni la haki. Siku moja tulifuatana na shule moja ya hapa Matuga. Basi lilichelewa saa tatu. Watoto walishinda ndani ya basi, wakala mkate na soda, wakarudi usiku. Kesho yake hakuna aliyewauliza wameona nini. Lakini lililotuuma zaidi ni la asubuhi. Watoto saba walisimama langoni na sare zao safi, wakitazama basi likiondoka, maana pesa zao hazikutimia.

Basi katika toleo hili tunaeleza namna ya kufanya ziara iwe somo, na namna kikundi kinavyoweza kusaidia ili asiachwe mtoto langoni.

Twende wapi?

Si lazima twende mbali. Sisi tumezungukwa na darasa.

*Milima ya Shimba.* Hii imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968. Mwaka huo huo wanafunzi wa Kenya walianzisha Wildlife Clubs of Kenya, vilabu vya shule vya kujifunza juu ya wanyamapori. Humo Shimba yumo palahala, yule swala mkubwa mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma. Katika Kenya nzima, hapa ndipo makao yake. Yako pia maporomoko ya Sheldrick, na chemchemi za Marere ambazo maji yake hutumika mpaka Mombasa. Mtoto anayechota maji kila siku akiuona msitu unaoyahifadhi, ataelewa kwa nini tunakatazwa kuufyeka.

*Mwaluganje.* Watoto wetu wengi wanamjua ndovu kama mwizi wa mahindi tu. Mwaluganje wenye mashamba walikubali kutoa ardhi yao iwe njia na malisho ya ndovu, nao wagawiwe mapato ya wageni. Hifadhi hiyo ilifunguliwa 1995. Hata kinyesi cha ndovu kilitumika kutengenezea karatasi za kuuza. Lakini ndovu walizidi kuwa wengi, na mwaka 2005 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilihamisha wengi kutoka Shimba hadi Tsavo Mashariki. Hapo mwalimu ana hesabu, jiografia na maswali ya haki, yote mahali pamoja.

*Kaya Kinondo, Diani.* Msitu huu wa Wadigo ni mmoja wa misitu ya Kaya za Mijikenda iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mgeni hufungwa kitambaa cheusi, haruhusiwi kuchuma jani, na anaonyeshwa miti ya dawa. Wazazi wengine, Wakristo na Waislamu, huuliza kama huko ni kwenda kuabudu. Tunasema hivi: mtoto anakwenda kujifunza miti na historia. Hata hivyo mzazi aulizwe kwanza, na asiyetaka asilazimishwe.

*Gazi.* Hapa akina mama walijenga daraja la mbao ndani ya mikoko, nao hupata riziki kwa kuwatembeza wageni. Mtoto atajifunza kutofautisha mkoko, mchu, mlilana na mkandaa. Wanafunzi wa vyuo vikuu, wa Kenya na wa ng'ambo, huja Gazi kufanya utafiti. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukilinda hekta 117 za mikoko na kulipwa kwa hewa chafu ambayo miti hiyo inaihifadhi. Pesa hizo zimesaidia maji na vitabu vya shule. Kabla ya kupanga siku, waulizeni wavuvi maji yanatoka lini.

Ziara ina sehemu tatu

1. *Kabla.* Mwalimu mmoja aende kwanza akaone mahali. Aandike barua mapema, maana pengi wanafunzi hutozwa kidogo kuliko watalii. Kila mtoto apewe maswali matatu ya kujibu. Mzazi atie sahihi.

2. *Siku yenyewe.* Pawe na mtu mzima mmoja kwa kila watoto kumi. Watoto wahesabiwe wakipanda, wakishuka na wakipanda tena. Pawe na maji ya kunywa na sanduku la dawa. Basi lisijazwe kupita viti vyake, na muwe nyumbani kabla ya giza. Dereva akikimbiza gari, mwalimu asione haya kumwambia.

3. *Baada.* Hii ndiyo sehemu inayosahauliwa sana. Watoto waandike, wachore, kisha wawaeleze wazazi kwenye mkutano wa shule. Mzazi akimsikia mwanawe akieleza kazi ya mikoko, hataguna tena barua ikija.

Pesa je?

Tuchukue mfano. Tuseme basi, kiingilio na chakula cha watoto 40 ni shilingi 24,000. Kila mtoto ni shilingi 600. Ukidaiwa zote kwa wiki moja ni mzigo. Lakini zikigawanywa kwa mihula mitatu ni shilingi 200 kwa muhula. Hilo wengi wetu tunaliweza.

Na kikundi? Wanachama 20 wakitoa shilingi 60 kila mmoja, hiyo ni 1,200, yaani watoto wawili wamekwenda. Vikundi vinne vikifanya hivyo, ni watoto wanane. Wale saba waliobaki langoni wangalipata nafasi, na ingebaki nafasi moja.

Mambo mawili tu tunayasisitiza. Kwanza, pesa ziandikwe na risiti itolewe, na baada ya ziara mweka hazina asome hesabu mbele ya wazazi. Pili, majina ya watoto wanaosaidiwa yabaki kwa mwalimu mkuu na kamati. Msaada unaotangazwa sokoni humwaibisha mtoto.

Na wageni wakija kwetu?

Shule na vyuo vya mbali pia hutafuta mahali pa kujifunza. Kama kikundi chenu kina kitalu cha miche, mizinga ya nyuki au kisima mlichochimba wenyewe, hilo ni somo tayari. Akina mama wa Gazi hawakungoja hoteli.

Lakini jipangeni. Bei iwe moja, iliyoandikwa, si kumkadiria mgeni kwa viatu vyake. Chagueni vijana wawili wa kuongoza na kueleza. Choo kiwe safi. Asipigwe mtu picha bila kuulizwa, na mgeni asiachwe peke yake na watoto. Mapato yagawanywe kama mlivyokubaliana kabla, maana ugomvi wa pesa umevunja vikundi vingi vizuri.

Wazee walisema, kutembea kwingi kuona mengi. Sisi tunaongeza: aliyeona na asiulizwe, husahau. Waulizeni watoto wenu wanaporudi.

Ya kuzungumza kikundini

– Katika shule yetu, ni watoto wangapi walibaki nyumbani ziara iliyopita, na kwa nini?
– Ni mahali gani karibu nasi ambapo hata sisi watu wazima hatujawahi kuingia?
– Kikundi chetu kina kitu gani ambacho mwanafunzi angesafiri kuja kukiona?