Kupasuliwa sikio huku uko macho: inawezekana namna gani?

Wasomi wenzangu, mtu akisikia kwamba mgonjwa anatobolewa mfupa nyuma ya sikio huku yuko macho, anafikiri ni mateso. Hapana. Kwa wengine, huo njo mlango unaobakia.

Kwanza tuelewe tatizo. Ndani kabisa ya sikio kuna koklea, yenye umbo sawa vile nyumba ya konokono. Chembe zake zenye vinywele zinageuza sauti kuwa umeme, na neva ya kusikia inaupeleka kwenye ubongo. Chembe hizo zikikufa, haziote tena. Sisi watu wa agronomia tungesema: mfereji uko muzima, ila chemchemi imekauka. Kifaa cha kawaida kinaongeza tu sauti. Implanti ya koklea inapeleka umeme moja kwa moja kwenye neva, jambo lenye André Djourno na Charles Eyriès walijaribu Paris mwaka 1957.

Kwa kawaida mgonjwa analazwa usingizi. Lakini kwa mzee wa miaka 80 mwenye moyo ao mapafu dhaifu, ule usingizi unaweza kuwa hatari kuliko upasuaji wenyewe. Njo maana madaktari fulani, kwa mfano Ujerumani na Marekani, wanatumia ganzi tu. Wanachoma sindano ya lidokaini pamoja na adrenalini nyuma ya sikio. Lidokaini inazuia habari ya maumivu. Adrenalini inabana mishipa ya damu, damu inatoka kidogo na ganzi inakaa zaidi. Wanaweza kuongeza dawa kidogo ya kutuliza. Mashine inapotoboa, mgonjwa anasikia mtikisiko, si maumivu.

Kuna faida ingine: elektrodi zinaingizwa polepole. Mgonjwa akishikwa na kizunguzungu, anasema, na daktari anapunguza mwendo.

Haifai kwa kila mtu: si kwa watoto wadogo, wala kwa mtu asiyeweza kutulia. Bei ya kifaa ingali kubwa sana. Tena mtu hatoki pale akisikia: kinawashwa kisha majuma kadhaa, na ubongo unajifunza kwa miezi.

Kwa hiyo, babu akiambiwa "umri umepita", tusirudi nyumbani kimya. Tuulize: ni sikio lenye haliwezi kupasuliwa, ao ni usingizi njo wenye hatari? Hayo ni maswali mawili, na majibu yake hayafanani.