REMMY ONGALA, MTOTO WA KINDU: JUU YA NINI WATU WALIMPENDA?



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo kuna neno moja linazunguka katika nyumba ya kulala ya wavulana. Wadogo wetu wawili watatu wanasema: "Remmy Ongala hakumaliza shule, lakini jina lake lilifika Ulaya. Basi sisi tunakaa hapa kufanya nini?" Sisi wa mwaka wa mwisho tumeona afadhali tusiwajibu kwa hasira. Tutaeleza maisha ya mtu huyu, sababu mwenye kujua habari yake yote hatasema neno hilo tena.

Remmy alizaliwa Kindu, katika Maniema, tarehe 10 Februari 1947. Jina lake kamili ni Ramadhani Mtoro Ongala. Baba yake alikuwa mwimbaji na mpiga likembe. Mama yake alikuwa amekwisha kupoteza watoto wachanga mbele yake, na mganga akamwagiza asimnyoe mtoto huyu nywele. Nywele zile alikaa nazo miaka mingi sana. Wanaoona picha zake wanafikiri ni mambo ya Jamaika tu. Kumbe mwanzo wake ni Maniema.

Sasa tuseme juu ya shule. Remmy hakuikimbia. Baba yake alikufa yeye akiwa bado mtoto mdogo, na pesa ya kumsomesha ikakosekana. Halafu mama naye akafa, Remmy bado kijana, na wadogo zake wanamtazama yeye. Kati yetu hapa Luofu wako wanafunzi wanaojua maneno hayo vizuri: wanalipiwa na mjomba, au na nyanya anayeuza maharagi sokoni. Kumwambia yatima kwamba shule haina faida sababu Remmy aliikosa ni kumchokoza. Remmy alifungiwa mlango. Sisi mlango uko wazi.

Alijifundisha ngoma na gitare. Alipita katika orkestra za vijana hapa kwetu Kongo, akavuka kwenda Uganda, na mwaka 1978 akafika Dar es Salaam kwa mjomba wake, Mzee Makassy, aliyekuwa na Orkestra Makassy. Baada ya miaka michache akaingia Matimila, ambayo baadaye iliitwa Super Matimila, na hapo ndipo jina lake lilikua. Fanyeni hesabu: alipofika Dar es Salaam alikuwa na miaka 31. Hakupata jina kwa juma moja.

Juu ya nini watu walimpenda? Sisi tunaona sababu tatu.

Ya kwanza ni lugha. Watu wa Tanzania walipenda gitare la Kongo tangu zamani, lakini waimbaji wetu wengi wakubwa waliimba Lingala, na wengi kule hawakuisikia. Walicheza tu. Remmy alitoka upande wa Kiswahili, basi aliwaletea gitare lile lile pamoja na maneno ambayo hata mama wa sokoni aliyasikia yote. Hapa shuleni kuna wanaoona haya kuimba Kiswahili, wanataka Lingala au Kiingereza hata kama hawajui maana. Waangalie kwamba Kiswahili kilimfungulia mtoto wa Kindu mji mzima.

Ya pili ni mambo aliyoimba. Mapenzi aliyaimba pia, lakini watu walimshika sana juu ya nyimbo za maskini na za kufa. Wimbo wake "Kifo" unasema na kifo kama mtu anayesimama mbele yetu. "Mnyonge Hana Haki" na "Sauti ya Mnyonge" zinaeleza maana yake kwa jina tu. Watu wakamwita Dokta, ijapo hakuingia hata siku moja universite. Mtu aliyefiwa, au aliyefukuzwa kazini, alisikia kwamba yuko mwingine anayejua taabu yake.

Ya tatu ni namna wimbo ulivyotengenezwa. Ni namna ya Kongo: mwanzo unakwenda polepole, mwimbaji anaeleza neno lake, kisha magitare yanakaza mwendo, na watu wanacheza. Yaani kwanza unasikiliza, halafu unainuka. Pengine ndiyo maana watu waliweza kucheza wimbo wa huzuni bila kusahau huzuni yenyewe.

Redio ya serikali ilimsaidia sana kujulikana. Lakini karibu mwaka 1990 alitunga "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuonya watu juu ya Sida. Soksi ni kondomu. Redio ilikataa kuupiga. Hata hivyo watu waliujua, na waliuimba. Tunaelewa kwamba wazee wengine hawapendi maneno hayo yasemwe mbele ya vijana. Lakini ugonjwa ulikuwa unaua kimya kimya, na yeye alisema waziwazi.

Mwaka 1988 alikwenda Ulaya pamoja na tamasha la WOMAD, na santuri yake "Nalilia Mwana" ikatoka kule. Halafu zikafuata "Songs for the Poor Man" mwaka 1989 na "Mambo" mwaka 1992, kwa kampuni ya Real World ya Uingereza. Lakini msidhani kwamba jina ni sawa na pesa. Wanamuziki wa Dar es Salaam wa siku zile walikula kwa jasho: kupiga usiku baada ya usiku katika mabaa, na kungojea kiingilio cha mlangoni. Lililobaki kwake ni heshima. Mpaka leo kuna kituo cha basi Dar es Salaam kinachoitwa Sinza kwa Remmy.

Mwaka 2001 alipatwa na ugonjwa wa kupooza. Baadaye aliokoka, akakata nywele zile, akaanza kuimba nyimbo za Injili. Alikufa Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010.

Wenzetu wengine wa kwaya wanasema: "Nyimbo za mwisho tu ndizo nzuri, za kwanza ni za dunia." Tunawaheshimu, na sisi pia tunafurahi kwamba alimpata Bwana. Lakini someni nabii Amosi, someni barua ya Yakobo, muone wanavyosema juu ya maskini anayeonewa. Mtu aliyelia pamoja na mnyonge kabla ya kuokoka hakuwa mbali sana na njia. Tukitaka kupima wimbo, tuulize kwanza: unasema nini, na unamsaidia nani?

Basi wadogo wetu, mwenye kipawa asikizike. Tungeni nyimbo, na tungeni juu ya mambo mnayoyaona: shamba, barabara, mama zetu na mizigo yao. Leteni kwetu, tutazisoma pamoja Jumamosi baada ya kazi za mikono. Lakini Jumatatu asubuhi, kengele ikilia, tuonane darasani.