Kuchagua Programu ya Uhasibu kwa Biashara Ndogo: Bei ya Kuingia na Bei ya Kutoka

Katika mji mdogo kama Malampaka, wilayani Maswa mkoani Simiyu, fedha haziji kwa mfululizo wa miezi kumi na miwili. Pamba hupandwa kuanzia Novemba, na msimu wa ununuzi hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei. Kati ya nyakati hizo mbili mwenye duka la pembejeo, la vifaa vya ujenzi au la vyakula hukopesha. Dawa ya wadudu, jembe, bati, sukari na madaftari ya shule huondoka dukani kwa ahadi kwamba zitalipwa pamba, choroko au dengu zitakapouzwa. Ifikapo Machi, sehemu kubwa ya mali ya duka haimo tena rafuni. Imo katika daftari la madeni.

Tumeanza na jambo hili kwa makusudi. Wauzaji wa programu za uhasibu hupenda kuonyesha michoro ya rangi, ankara zenye nembo na ripoti za faida zinazotoka kwa kubonyeza mara moja. Hayo yote yana kazi yake. Lakini kwa mfanyabiashara anayeishi kwa msimu, programu ni kwanza mahali pa kuhifadhi madeni ya watu, na swali la bei halijibiwi na ada iliyoandikwa kwenye tangazo pekee. Hujibiwa pia na kitakachotokea siku ambayo ada haikulipwa, simu imeharibika, au mwenye duka ameamua kuhama.

Je, programu inahitajika?

Kwa programu ya uhasibu tunakusudia chombo chochote cha kompyuta au simu kinachopokea kumbukumbu za mauzo, manunuzi, matumizi, madeni na bidhaa zilizo stoo, kisha kikatoa hesabu ya faida na hasara. Sheria inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu. Haimlazimishi kuzitunza kwa programu ya namna hiyo. Daftari la mistari lililojazwa kila jioni ni kumbukumbu halali.

Faida ya kumbukumbu hupimika kwa shilingi. Mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kodi ya mapato kwa kufuata mauzo yake, na kwa wenye mauzo madogo sheria huwatofautisha wanaotunza kumbukumbu na wasiotunza. Tuchukue duka lililouza shilingi 8,000,000 kwa mwaka. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, asiye na kumbukumbu katika ngazi hiyo alitakiwa kulipa 250,000. Mwenye kumbukumbu alitakiwa kulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 7, yaani jumla ya 120,000. Tofauti ni shilingi 130,000. Viwango huweza kubadilishwa kila Julai, kwa hiyo kabla ya kukokotoa hesabu ya duka lako pata jedwali la mwaka husika kutoka ofisi ya TRA.

Mfano huo una upande wa pili ambao muuzaji wa programu hatautaja. Shilingi 130,000 zimeokolewa na kumbukumbu, na daftari la shilingi elfu chache lingeziokoa vilevile. Duka la mauzo ya milioni 8 lenye wadaiwa kumi na watano halina sababu ya haraka ya kulipia programu. Duka lenye wadaiwa mia moja na hamsini, bidhaa mia tatu na kijana anayeuza wakati mwenye mali amesafiri kwenda Mwanza kufuata mzigo, lina sababu. Huko daftari hushindwa kwa jambo moja hasa: haliwezi kukwambia papo hapo ni nani anadaiwa kiasi gani tangu lini.

Ieleweke pia kwamba programu ya uhasibu haichukui nafasi ya risiti ya EFD. Anayetakiwa kisheria kutoa risiti hiyo ataendelea kuitoa, hata kama programu yake huchapisha stakabadhi nzuri kiasi gani. Muuzaji akidai programu yake imeunganishwa na mfumo wa TRA, mwombe uthibitisho, kisha uliza TRA wenyewe.

Ada ya mwezi na miezi mikavu

Programu nyingi za sasa huuzwa kwa ada ya mwezi, na kumbukumbu hukaa kwenye kompyuta za kampuni, si kwenye simu ya mwenye duka. Utaratibu huu una manufaa ya kweli: simu ikiibwa, hesabu hazipotei. Tatizo ni kalenda. Ada hudaiwa Februari, Machi na Aprili kama inavyodaiwa Julai, ilhali miezi hiyo mitatu ndiyo fedha taslimu huwa chache na madeni huwa mengi kuliko wakati wowote. Mfanyabiashara akishindwa kulipa, baadhi ya programu humzuia kuingiza kumbukumbu mpya tu, nyingine humfungia kila kitu. Aliyefungiwa kila kitu mwezi Aprili ataingia msimu wa Mei, wadaiwa wake wakiwa na fedha mikononi, bila orodha ya kuwadai.

Kwa sababu hiyo swali la kwanza tunalolishauri halihusu bei. Muulize muuzaji, na umtake ajibu kwa maandishi: nisipolipa miezi mitatu, je, nitaweza kusoma na kuchapisha orodha ya wadaiwa wangu? Jibu la «huduma yetu ni nzuri, hutaacha kulipa» si jibu. Uliza pia kama ada inaweza kulipwa mara moja kwa mwaka, mwezi Julai au Agosti, fedha zinapokuwepo. Kampuni nyingi hutoa punguzo kwa anayelipa mwaka mzima, na kwa mji wa pamba huo ndio mpango unaoendana na hali ya maisha.

Katika kulinganisha bei, hesabu miaka mitatu badala ya mwezi mmoja. Tutoe mfano wa namba za kujifunzia, ambazo si bei za programu yoyote. Ada ya 25,000 kwa mwezi pamoja na bando la 10,000 ni 35,000. Kwa miaka mitatu ni shilingi 1,260,000. Leseni ya kununua mara moja kwa 600,000, na fundi atakayekuja mara tatu kwa 50,000, ni 750,000. Hapo leseni inaonekana nafuu. Lakini ikiwa leseni hiyo hufanya kazi kwenye kompyuta tu, na duka halina kompyuta, ongeza mathalani 700,000 za kompyuta iliyotumika, na jumla inafika 1,450,000. Mwenye kompyuta tayari na asiye nayo hawapaswi kununua kitu kimoja kwa sababu tu jirani amekisifu.

Bei zinazotajwa kwa dola zinahitaji uangalifu wa ziada. Thamani ya shilingi hubadilika, benki hukata ada yake, na Kodi ya Ongezeko la Thamani huenda haikujumuishwa katika bei iliyotangazwa. Muuzaji aliye ndani ya nchi, kwa upande mwingine, hana ruhusa ya kukudai dola: kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kutangaza au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazouzwa ndani ya Tanzania.

Programu zisizo na malipo

Zipo programu halali ambazo hazilipiwi. GnuCash ni programu huria, hupakuliwa bila malipo na hufanya kazi kwenye kompyuta bila intaneti. Manager ina toleo la kompyuta lisilolipiwa. LibreOffice Calc ni jedwali la hesabu lisilolipiwa linaloweza kufanya kazi nyingi ambazo watu huzifanya kwa Excel. Kutaja majina haya si kuyapendekeza. Tunataka msomaji ajue tu kwamba bure halali ipo. Gharama yake ni muda wa kujifunza, na huo si mdogo: GnuCash hasa inamtaka mtumiaji aelewe kanuni ya debiti na krediti. Aliyesoma masomo ya biashara sekondari ataizoea. Asiyesoma huenda akakata tamaa wiki ya pili, na jedwali rahisi lenye safu za tarehe, jina, bidhaa, kiasi, kilicholipwa na kilichobaki litamfaa zaidi.

Bure isiyo halali ni jambo jingine. Fundi anayekuwekea programu ya gharama kubwa kwa shilingi elfu ishirini, iliyofunguliwa kwa ujanja bila leseni, anakuuzia kitu ambacho hakina masahihisho ya kiusalama, kinaweza kuja na virusi, na hakina mtu wa kumpigia simu kitakapokataa kufunguka. Ni kosa pia kwa sheria ya hakimiliki.

Kipo na kipengele cha tatu cha bure, programu za simu zinazoonyesha matangazo ya biashara. Zisome masharti yake kabla ya kuingiza jina la mteja hata mmoja. Nyingine hutaka ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi na orodha yako ya namba za simu, na sisi hatuoni sababu ya programu ya kuandika mauzo ya misumari kuhitaji orodha hiyo.

Jaribio la jioni moja

Karibu kila programu ya kulipia huruhusu kipindi cha majaribio. Wengi hukitumia kutazama tu. Kitumie kufanya yafuatayo, na jioni moja itatosha. Ingiza wadaiwa kumi wa kweli na madeni yao. Zima data ya simu au intaneti, kisha uza bidhaa tano na upokee malipo ya nusu ya deni moja. Washa tena data uone kama kila kitu kimehifadhiwa, na kama deni limepungua kwa kiasi sahihi. Umeme na mtandao hukatika, na programu inayokataa kuuza mtandao ukikatika itamrudisha muuzaji kwenye karatasi siku ileile mteja atakapokuwa mlangoni.

Kisha fanya jambo ambalo wachache hulifanya: toa kumbukumbu zote nje ya programu. Tafuta mahali pa kuzihamishia kwenye jedwali la Excel, zihifadhi kwenye flashi, uzifungue katika kompyuta nyingine, hata ile ya duka la kuchapishia karatasi. Majina yote kumi yapo? Tarehe zipo? Salio la kila mmoja lipo, au kuna jumla kuu tu? Programu isiyoruhusu hayo wakati wa majaribio haitaruhusu baada ya miaka miwili. Hata ada yake iwe ndogo kiasi gani, sisi tungeiacha. Na ile inayoruhusu, itumie hivyo kila mwisho wa mwezi. Orodha ya wadaiwa iliyochapishwa na kuwekwa nyumbani haihitaji ada wala nywila. Kumbukumbu za kodi zenyewe zinatakiwa kutunzwa kwa muda usiopungua miaka mitano, muda mrefu kuliko uhai wa simu nyingi.

Angalia pia namna programu inavyotenganisha fedha. Mwenye duka Malampaka huweza kuwa na fedha droo, malipo ya lipa namba, na akaunti ya benki, na mara nyingi ni wakala wa M-Pesa au Airtel Money papo hapo. Mtaji wa uwakala si mauzo. Kinachoingia kama mapato ni kamisheni. Programu inayomwaga vyote katika chungu kimoja itaonyesha mauzo makubwa kuliko ya kweli, na mauzo ndiyo yanayokokotolewa kodi.

Ikiwa kuna msaidizi dukani, awe na namba yake ya siri, na programu ionyeshe nani amefuta au kubadilisha nini. Jambo hili humlinda msaidizi mwaminifu sawa na linavyomlinda mwenye mali.

Majina ya wateja wako

Orodha ya wadaiwa yenye majina, namba za simu na kiasi cha deni ni taarifa binafsi za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamwekea wajibu anayezikusanya pamoja na anayezichakata kwa niaba yake. Kwa hiyo mwulize muuzaji wa programu kumbukumbu huhifadhiwa nchi gani, nani anaweza kuzisoma, na kama kampuni yake imesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kuhusu wajibu wako mwenyewe wa kusajiliwa, Tume hiyo ndiyo ya kuuliza. Kubandika majina ya wadaiwa ukutani au kuyatuma katika kundi la WhatsApp hakuhalalishwi na ukweli kwamba deni ni la kweli.

Ukiwa umepotoshwa

Muuzaji aliyeahidi kwamba programu hufanya kazi bila intaneti, na ikagundulika haifanyi, amempotosha mlaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo huo, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Kinachokwamisha malalamiko mara nyingi ni ukosefu wa ushahidi, kwa maana ahadi ilitolewa kwa mdomo na malipo yalitumwa kwa namba binafsi ya wakala. Lipa kwa jina la kampuni. Hifadhi tangazo, ujumbe wa muamala, stakabadhi, na majibu ya maandishi tuliyoyataja hapo juu. Ukileta malalamiko, ambatisha nakala za vyote hivyo pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja yenye tarehe uliyonunua, kiasi ulicholipa, tatizo lilipoanza na unachodai: kurudishiwa fedha, kurekebishiwa programu, au kupewa kumbukumbu zako.