Mtaro umeziba: ni pesa za nani?

Kila masika ni hadithi ile ile. Maji yameingia sebuleni, na mtandaoni tunamrukia mbunge. Ngojeni kidogo tuelewane.

Mitaro ya maji ya mvua mijini ni kazi ya kaunti, pamoja na barabara za kaunti. Iko kwa Katiba, Jedwali la Nne. NG-CDF, kwa sheria ya 2015, ni ya majukumu ya serikali ya kitaifa, kama madarasa ya shule. Kwa hivyo mbunge akikuahidi mtaro, muulize pesa zitatoka mfuko gani.

Sasa hapa ndipo wengi hupitwa. Bajeti ya kaunti hufika kwa bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, lakini kabla yake kuna mpango wa maendeleo wa mwaka, unaowasilishwa kufikia 1 Septemba. Mradi usipokuwa kwa huo mpango, kuupenyeza baadaye ni kibarua.

Piga hesabu. Mpango wa Septemba 2025 ni wa pesa zinazoanza Julai 2026. Masika ya kwanza ukiwa na mtaro mpya ni ya 2027, na hiyo ni kama kontrakta hajatoroka.

"Si kuna hazina ya dharura?" Iko, lakini ni ya mambo ya ghafla yasiyotarajiwa. Mtaro ulioziba miaka mitatu si wa ghafla.

Vikao vya maoni kuhusu mpango huo hufanywa jua likiwaka, hakuna anayewaza mafuriko. Uliza ofisi ya wadi yako tarehe. Uende na picha za ile sebule.